Amekata Utepe, Amefungua Nini?

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba 2025, kabla adhana ya alfajiri haijasikika, nilipiga kelele sebuleni nikaamsha nyumba nzima. Mama alikuwa amekuja Dar es Salaam kutoka Singida kuwaona wajukuu. Alitoka chumbani amejitanda kanga, mkono mmoja umeshika ukuta, uso wa mtu anayesubiri kuambiwa nani amefariki. Nikamwambia, "Mama, Simbu amekata utepe!"

Akaniangalia kwa muda, akili yake bado inatoka usingizini. Kisha akauliza, "Amefungua nini?"

Nilimweleza haraka haraka: Tokyo, mbio za marathoni, mashindano ya dunia ya riadha, kijana wa Singida, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Mama akapiga kigelegele kimoja kifupi, cha mtu anayejua kuna watoto wamelala, akaketi nami kutazama marudio. Lakini lile swali lake halikuniacha. Kazi yangu ni kuhariri habari, na za michezo ndizo nyingi. Sentensi "fulani amekata utepe" imepita mikononi mwangu mara zisizohesabika, wala sijawahi kujiuliza msikilizaji wa kawaida wa redio anaona picha gani kichwani anapoisikia. Mama anaona mkasi, kisahani na mgeni rasmi. Mimi nilikuwa naona kifua.

Kwenye riadha maana yake haina utata. Zamani ulikuwa uzi wa sufu tu, uliofungwa kati ya nguzo mbili juu ya mstari wa kumalizia, kusudi waamuzi waone kwa urahisi nani ametangulia. Uzi ukikatika, kazi imekwisha. Baadaye ukaja utepe mpana wenye maandishi, na siku hizi kwenye marathoni kubwa kuna watu wawili wanaoushika huku na huku, wanauachia mara mshindi anapoupiga kifua. Kwa hiyo kwa kweli haukatiki tena. Lugha imebaki na uzi wa zamani, kama tunavyoendelea kusema "kukata tiketi" hata pale tiketi ni ujumbe tu kwenye simu.

Pale shuleni kwetu utepe ulikuwa kamba ya katani. Mwalimu wa michezo aliisokota mwenyewe, nyembamba, akaipaka chokaa ionekane kwa mbali. Tulipokuwa tukijiandaa kwa mashindano ya shule za msingi alitupanga mstarini akatufundisha jambo moja tu kwa wiki nzima: usisimame kwenye kamba. "Kamba ipo mita 5 mbele ya hapo unapoiona," alituambia. Alimaanisha tukimbie kana kwamba mwisho uko mbele kidogo ya mwisho, maana anayekimbilia kamba huanza kupunguza mwendo akiikaribia, na hapo ndipo anapopitwa. Halafu akasema, "Kifua. Siyo mkono, siyo kichwa. Kifua."

Miaka mingi baadaye nilisoma kanuni za riadha nikakuta mwalimu yule hakukosea hata kidogo. Mkimbiaji huhesabiwa amefika pale kiwiliwili chake kinapofikia ukingo wa karibu wa mstari wa kumalizia, ule mstari mweupe wenye upana wa sentimita 5. Kichwa hakihesabiwi, shingo haihesabiwi, mikono na miguu haihesabiwi. Kiswahili kina neno moja linalobeba kanuni hiyo yote: kiwiliwili, mwili ukiondoa kichwa, mikono na miguu. Kanuni yenyewe ya Kiingereza inaorodhesha viungo visivyohesabiwa. Sisi tulikuwa na neno tayari, na ukingo tulikuwa nao pia, tangu wahenga waliposema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Tokyo, kiwiliwili ndicho kilichoamua. Baada ya kilomita 42 na mita 195, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani wakiwa karibu, na mita za mwisho zikageuka kuwa mbio fupi. Petros alikuwa mbele. Simbu akamvuta, akamvuta, hadi wakawa bega kwa bega. Petros alijirusha mbele akaanguka mstarini. Saa iliandika 2:09:48 kwa wote wawili. Simbu mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakujua kama ameshinda mpaka alipoona jina lake juu kwenye ubao wa uwanja. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Nilipiga hesabu usiku ule ule: mtu anayekimbia mita 6 kwa sekunde, kwa muda huo anakwenda sentimita 18. Urefu wa kalamu ya mwanafunzi, baada ya saa mbili na ushei za kukimbia.

Mama aliitazama ile picha ya mstarini ilipoonyeshwa akauliza mbona miguu ya watu imepinda vile, kama inayeyuka. Ni swali zuri kwa sababu ile si picha kama tunazopiga sisi. Kamera ya mstari wa kumalizia haitazami uwanja. Inatazama ufa mwembamba tu, mstari wenyewe, na inaupiga picha maelfu ya mara kwa sekunde, kisha vipande hivyo vinapangwa kimoja baada ya kingine. Ukitazama picha hiyo toka upande mmoja hadi mwingine huoni mahali, unaona muda. Kila kilichomo kilionekana pale pale mstarini, ila kwa nyakati tofauti. Mguu uliokanyaga mstari ukatulia hapo huonekana mrefu, na ule uliopita haraka huonekana umebanwa. Kwa hiyo utepe haukuondoka kabisa kwenye riadha. Umekuwa ufa wa mwanga.

Sasa turudi kwa mkasi wa mama.

Maana ya pili, ile iliyomjia yeye kwanza, ndiyo inayotumika zaidi nchini. Ukifungua redio wiki yoyote utasikia kiongozi fulani amekata utepe: wa zahanati, wa kisima, wa soko, wa barabara. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya Ziwa Victoria, lilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025, na watu waliozoea kungoja feri pale wakaanza kupita kwa dakika chache. Hafla za namna hiyo zote zina utepe wake. Hata kwenye soka waandishi wetu husema timu fulani na fulani zitakata utepe wa ligi, yaani zitacheza mechi ya kwanza. Hapo utepe ni mlango. Kabla yake hakuna kitu, baada yake ndiyo shughuli inaanza.

Kwa hiyo msemo mmoja, kitenzi kile kile na nomino ile ile, una maana ya kumaliza na una maana ya kuanza. Mkimbiaji akikata utepe, anaanguka chini kwa uchovu. Mgeni rasmi akikata utepe, anapigiwa makofi halafu anaingia ndani. Siku kadhaa nilifikiri hili ni gongano la bahati mbaya, vitu viwili tofauti vilivyopewa jina moja. Sidhani hivyo tena.

Fikiria daraja. Kwa fundi aliyefunga nondo na kumwaga zege miaka yote ile, utepe ule ni mwisho. Amekimbia, amefika. Kwa mama ntilie anayevuka na masufuria yake kesho yake asubuhi, ni mwanzo. Utepe ni ule ule, unatazamwa kutoka pande mbili. Kinachonisumbua ni nani anayeukata. Uwanjani haiwezekani mtu mwingine akate utepe badala ya aliyekimbia. Kwenye daraja, aliyekimbia anasimama pembeni amevaa kofia ya plastiki, na mtu ambaye hakukimbia analetewa mkasi juu ya kisahani. Silaumu itifaki, kila nchi ina yake. Nasema tu kwamba mkimbiaji hukata kwa kifua na mgeni rasmi hukata kwa mkasi, na lugha yetu ikawapa sifa moja.

Kijijini kwetu kuna boma la zahanati. Kwa msomaji asiye wa Tanzania: boma kwa matumizi haya ni jengo lililosimama kuta tu, halina paa, halina sakafu, linangoja fedha. Wananchi walichangia matofali na mchanga, mama akiwamo. Jiwe la msingi liliwekwa kwa ngoma na hotuba. Miaka ikapita, mbuzi wakajifunza kulala humo. Katika siku ya jiwe la msingi nayo kulikuwa na utepe, wa rangi tatu, nakumbuka kipande chake kilibaki kimening'inia kwenye mti mpaka jua likakifubaza kikawa cheupe. Tulikata utepe wa kuanza, na tulifurahi kweli. Wa kumaliza bado.

Hapo ndipo ninapomkumbuka John Stephen Akhwari. Hadithi yake Watanzania wanaifahamu, lakini naomba niisimulie kwa sababu ya huu utepe. Tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, mji ulio juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni hafifu na mapafu ya mgeni hulia. Wakimbiaji 75 walianza marathoni ya Olimpiki. Akhwari, mtu wa Mbulu, alianguka njiani, akaumia goti vibaya na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akafuata wa pili, wa tatu, wa ishirini, wa hamsini. Waliofika walikuwa 57. Akhwari ndiye wa 57, kwa saa 3:25:27. Giza lilikuwa limeshaingia, uwanja umebaki na watu wachache, washindi wameshavishwa medali. Aliuzunguka uwanja akichechemea, bendeji ikining'inia mguuni.

Hakukuwa na utepe. Ulikatwa saa moja na dakika 5 kabla yake.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 aende kuanza mbio, ilimtuma aende kuzimaliza. Jibu lile nimelisikia tangu utotoni kama jibu la ushujaa, na ni la ushujaa. Lakini baada ya swali la mama nimelisikia upya. Akhwari anatenganisha kuanza na kumaliza, maana zile mbili ambazo msemo wetu umezifunga pamoja, na anasema waziwazi ni ipi aliyotumwa. Naye aliitimiza bila kukata chochote.

Kabla ya Simbu, Watanzania waliosogelea utepe wakaukosa kwa unywele ni wengi, na Juma Ikangaa anastahili aya yake mwenyewe. Boston, 1988. Yeye na Mkenya Ibrahim Hussein, wawili peke yao mbele. Hussein akaingia kwa 2:08:43, Ikangaa kwa 2:08:44. Sekunde moja. Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston, heshima ambayo kwa sekunde moja tu ingeenda kwa Ikangaa. Mwaka uliofuata Ikangaa akarudi, akawa wa pili. Mwaka 1990 akarudi tena, akawa wa pili. Katikati ya hapo, mwaka 1989, alikwenda New York akakata utepe kwa 2:08:01. Nimewahi kumsikia mtu mzima akimwita Ikangaa "mtu wa nafasi ya pili" nikaumia moyoni. Mtu aliyefika mara tatu mfululizo umbali wa kuuona utepe wa Boston ukipeperuka kwenye kifua cha mwenzake, halafu akaendelea kujiandikisha, huyo ana jina lingine.

Na Filbert Bayi? Yeye aliupindua mpangilio wote. Christchurch, 2 Februari 1974, mita 1,500. Desturi ya mbio hizo ni kuviziana, kubaki nyuma ya mgongo wa mtu mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho. Bayi aliondoka mbele tangu mlio wa bastola na hakurudi nyuma kwa mtu yeyote. John Walker wa New Zealand, mbele ya watu wake, alimfukuza hadi mwisho na hakumpata. 3:32.16, rekodi ya dunia. Ni kama Bayi alikata utepe wa mwanzo na wa mwisho siku moja, kwa kifua kimoja.

Waswahili hatujaishia kwenye utepe tu. Mtu akichukua uongozi tunasema amepokea kijiti, neno la mbio za kupokezana. Wanaogombea urais wako kwenye mbio za Ikulu. Nyuma ya daladala huandikwa "fainali uzeeni", maneno mawili yanayomwonya kijana anayekimbia sana asubuhi ya maisha. Lakini msemo ninaoupenda kuliko yote ni "lala salama". Msomaji wa Kiswahili halazimiki kuelezwa: dakika za lala salama ni zile za mwishoni, timu moja inaongoza kwa bao moja, mashabiki wamesimama. Kampeni za uchaguzi zikibakisha wiki, magazeti huandika kampeni zimeingia lala salama. Nchini Kenya watangazaji wa soka nao wanao, kwa maana hiyo hiyo. Watu wengine hueleza nusu saa ya mwisho kwa maneno ya vita. Sisi tunaieleza kwa salamu ya kumtakia mtu usiku mwema. Wakati kila mtu ana hofu kuliko wakati wowote, tunaambiana lala salama. Nikisikia mtangazaji akiitamka sauti ikiwa imempanda, huwa najisikia nyumbani.

Kukata vilevile kumeenea mno katika lugha hii kiasi kwamba nahisi utepe uliikuta familia tayari. Tunakata shauri, na kuanzia hapo jambo linaanza. Tunakata rufaa ili shauri lisiishe. Tunakata kiu, tunakata mbuga, tunakata tamaa, na siku moja tunakata roho. Kila kukata kuna upande unaobaki na upande unaoondoka. Akhwari, kama nitaruhusiwa kuyaweka maneno haya karibu karibu, hakukata utepe na hakukata tamaa.

Kabla mama hajarudi Singida nilimsimulia habari za Akhwari. Jina alilijua, maelezo hakuyakumbuka. Tulikuwa barazani, yeye anachambua mchele, mimi nasimulia, na nilipofika kwenye uwanja mtupu na bendeji inayoning'inia akaacha kuchambua. Nikamwuliza yeye angeitaje, kufika vile, maana hakuna utepe uliokatwa.

"Sisi tulikuwa na ngwe," akasema.

Ngwe naifahamu kama neno la kazini: ngwe ya kwanza ya mchezo, ngwe ya pili ya uongozi. Nilikuwa nimesahau kwamba ni neno la shamba. Mama alinikumbusha. Kwenye kilimo cha kuitana, kila mtu hupimiwa kipande chake cha kulima, kwa hatua au kwa kamba, na hicho ndicho ngwe yake. Mnaanza pamoja alfajiri, majembe yakipanda na kushuka. Wapo wenye nguvu wanaomaliza jua likiwa bado chini. Wapo wazee, wapo wajawazito, wapo waliokutana na kisiki. Aliyemaliza ngwe yake hapumziki chini ya mti. Anapita upande wa pili wa ngwe ya aliyebaki nyuma, anaanza kulima kuja kwake, mpaka majembe yao yakutane.

"Huyo wa kwanza," mama akaniuliza, "yule wa Ethiopia. Alirudi kumchukua?"

Nikamwambia hapana, mbio haziendi hivyo. Akatikisa kichwa taratibu, akaurudia mchele wake.